Somo Lile Lile, Mwalimu Yule Yule

Mama alipopooza upande wa kulia, mimi nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa shahada ya ualimu kwenye chuo kimoja cha Mwanza. Baba alishafariki. Kaka zangu walikuwa na wake na watoto wao mbali huko, na mimi ndiye binti ambaye bado sijaolewa, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza ninaonaje. Nilipanda treni nikarudi nyumbani Tabora, kwetu Mtendeni, nikaanza kumpeleka mama hospitali ya Kitete kwa mazoezi ya viungo.

Sikuwa na nia ya kuacha masomo. Nilikwenda chuo kingine kilichokuwa karibu na nyumbani, nikamweleza ofisa wa udahili hali yangu. Alinisikiliza vizuri, akanipa pole, akasema, "Wewe lete matokeo yako tu. Masomo yanahamishwa." Nikaamini. Nikaandika barua ya kuacha nafasi yangu Mwanza.

Majibu yalipotoka, nilikuwa nimekubaliwa masomo mawili: stadi za mawasiliano na matumizi ya kompyuta. Mengine yote nirudie. Nianze mwaka wa kwanza na watoto waliotoka kidato cha sita juzi. Hata mafunzo ya kufundisha kwa vitendo niliyoyafanya kwenye shule moja ya Ziba hayakuhesabiwa. Ziba nilifundisha darasa lililofurika mpaka wengine wanakaa dirishani, sauti ikanikauka, na wiki ya minada wavulana hawaonekani kabisa kwa sababu wamekwenda na ng'ombe. Yote hayo yakafutwa kama vile sikuwahi kushika chaki.

Nilirudi kwa yule ofisa.

"Dada, si mimi niliyeamua," alisema. "Ni idara."

"Lakini ni wewe uliyeniambia nihame."

"Nilisema masomo yanahamishwa. Sikusema yote."

Alisema hivyo huku anacheka kidogo, kama mtu aliyeshinda bao. Siku hiyo hiyo nilikata rufaa, na wakati naisubiri nikalazimika kuingia darasani, maana asiyehudhuria anafutiwa usajili.

Kipindi cha kwanza kilikuwa saikolojia ya elimu. Nilikaa nyuma kabisa. Mlango ukafunguliwa, akaingia mhadhiri aliyenifundisha somo hilo hilo Mwanza na kunipa alama ya juu kabisa. Sikujua kwamba alikuwa amehamia Tabora. Akaanza na kisa chake cha mwanafunzi anayesinzia darasani, mwalimu anamchapa, kumbe mtoto ameamka alfajiri kukamua maziwa. Nilikijua kisa kile mpaka pale anaponyamaza ili watu wacheke. Wakacheka. Mimi nilikuwa na machozi ya hasira.

Alipomaliza nilimfuata nje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ee! Wewe si wa Mwanza? Unafanya nini huku?"

Nikamweleza. Nikamwomba aandike mistari michache tu, kwamba alishanifundisha somo hili na nikafaulu. Furaha ikamtoka usoni. Akatazama nyuma, kisha akashusha sauti.

"Mimi hapa bado mgeni, binti yangu. Hata ajira yangu haijathibitishwa."

"Sikuombi unitetee, mwalimu. Nakuomba useme kweli tu."

"Kweli nayo ina wakati wake," akasema, akaondoka.

Nilimheshimu sana yule mzee. Ndiyo maana jibu lake lilinichoma kuliko la ofisa.

Kamati ya rufaa ilikaa baada ya majuma kadhaa. Walikuwa wanne nyuma ya meza ndefu, wana chai na maandazi, mimi nimesimama kwa sababu hakuna aliyenikaribisha kiti. Mwenyekiti alisema muhtasari wa masomo wa chuo changu cha zamani haufanani na wa kwao, na kwamba wana wajibu wa kulinda ubora.

"Ubora gani, mheshimiwa?" nilisema. "Saikolojia ya elimu mnayotaka nirudie, anayeifundisha hapa ndiye aliyenifundisha Mwanza. Mwiteni mumuulize."

Wakatazamana. Mama mmoja, mkuu wa idara nyingine, akasema haki ni aitwe. Akaitwa. Aliingia bila kunitazama.

"Unamfahamu huyu?"

"Namfahamu. Nilimfundisha."

"Somo hili?"

Akamtazama mwenyekiti, nikadhani atanikana mbele ya watu. Kisha akasema, "Ni somo lile lile, mwenyekiti. Hata mifano ni ile ile."

Mmoja akacheka. Mwenyekiti naye akatabasamu, akanigeukia. "Basi umebahatika."

Hapo nikashindwa kujizuia. "Sijabahatika! Nimesoma. Nimesoma, nikafanya mtihani, nikafaulu, na nyie mnakunywa chai mnaniambia bahati!"

Waliniomba nisubiri nje. Nilisimama kwenye korido, sikujutia hata neno moja.

Uamuzi wao ulikuwa wa nusu. Walikubali masomo yote ya elimu, wakaniweka mwaka wa pili, ule ule niliokwisha kuumaliza Mwanza. Ziba waliikataa, kwa sababu hakuna mhadhiri wao aliyenikagua nikifundisha. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama yote, nikiwa namkanda mkono. Mama yangu ni mwanakwaya wa kanisani, hajawahi kutukana mtu, na siku zile kila neno lilimtoka kwa taabu. Alijitahidi mdomo ukapinda, akalitoa moja.

"Washenzi."

Nilicheka mpaka nikalia. Yeye hakucheka. Alikuwa amekasirika kweli.

Mwaka uliofuata wenzangu wa Mwanza walivaa majoho. Picha zao ziliingia kwenye simu yangu nikiwa kwenye foleni Kitete pamoja na mama. Niliwapongeza wote. Mimi nilihitimu nyuma yao, baada ya kufundisha tena kwa vitendo, mara hii nikikaguliwa na mtu aliyekaa dakika chache nyuma ya darasa, akasaini, akauliza wapi anaweza kupata asali nzuri.

Sasa mimi ni mwalimu. Watu huniambia yamepita, nishukuru nilimaliza. Nashukuru kumaliza. Lakini ule mwaka ulikuwa wangu, na hakuna aliyewahi kuniambia samahani.