Sauti ya Ogani Nisiyoisikia

Masikio yangu hayakufa kwa siku moja. Sauti nyembamba ndizo zilizoanza kuondoka: kengele ya baiskeli, sufuria inayochemka, miisho ya maneno ya mke wangu. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga mawe ya shaba hapa Kolwezi, na sisi tuliotoka pale tunaongea kwa kelele bila kujijua. Daktari mmoja wa Lubumbashi alinipima, akaona simwelewi, akachukua kalamu akaniandikia kwamba kilichokwenda hakitarudi.

Ningezoea. Lakini mwaka jana mpiga gitaa wa bendi yetu ya zamani aliniandikia ujumbe kwenye simu kutoka Tenke. Anaumwa kifua, hatoki tena kitandani. Ujanani tulikuwa tukipiga kila Jumamosi kwenye klabu ya wafanyakazi, zaidi nyimbo za roki za Wazungu, kwa kuwa ndizo wakubwa walizozitaka. Ogani halisi, ile inayonguruma ndani ya nyimbo hizo, hatukuwa nayo. Tulikuwa na sinte, kinanda cha umeme chenye vifundo vingi mbele, nami nilivizungusha mpaka watu wakaapa kwamba wanasikia ogani. Klabu ilipofungwa, kila mmoja aliondoka na chombo chake. Sasa mwenzangu aliandika: "Nirekodie ogani yako. Niisikie tena."

Nilifurahi mno. Tuliishusha sinte kutoka juu ya kabati, mimi na mke wangu, tukafuta vumbi jekundu lililokuwa limeingia hata kati ya vibao. Ikawaka.

Sinte za aina ile hazina kumbukumbu. Ukiizima, sauti uliyoitengeneza imekwenda. Kesho unaitafuta upya kwa mkono na sikio. Mkono wangu ulikumbuka. Niliweka sauti moja chini na nyingine juu yake, nikaongeza mtetemo wa polepole, ule unaokufanya udhani spika inazunguka. Kisha nikatafuta kile kinachoifanya ogani iwe ogani: mlio mdogo mkavu, tik, mwanzoni mwa kila noti. Nikazungusha kifundo, sikusikia kitu. Nikazungusha zaidi. Mke wangu, ambaye huniita tata, yaani baba, akaziba masikio kwa viganja.

"Tata, acha! Inachoma!"

"Inachoma namna gani?"

"Sawa misumari!"

Mimi nilichokuwa nasikia ni kama mtu anapiga kinanda chini ya blanketi.

Basi nikamwomba awe masikio yangu. Yeye ni mshonaji, na anaimba sauti ya juu katika kwaya ya kanisa letu. Nyimbo zile za roki hakuzijua wala hakuzipenda. Hata hivyo alisogeza cherehani yake karibu, akawa ananitazama usoni na kunitamkia polepole anachosikia.

"Imekauka sawa bukari ya jana," yaani kama ugali uliolala.

Nikageuza kifundo.

"Sasa inalia sawa mubuzi."

Nikageuza kingine.

"Sasa iko na mayi."

Yenye maji ningeikausha kwa kifundo kipi? Nilikuwa nabahatisha tu. Nilimuuliza kama ile tik ipo, akaniuliza tik gani. Nikagonga meza kwa ukucha ili nimwonyeshe. Ukucha wangu mwenyewe sikuusikia.

Shida nyingine ilikuwa umeme. Ukishuka, nao hushuka karibu kila mchana, sinte ya zamani inapoteza noti zake. Siku moja nilikuwa napiga kwa raha, macho nimeyafumba, nikahisi mke wangu ananivuta mkono wa shati.

"Imeshuka, tata. Yote imepotea."

"Tangu saa ngapi?"

Akaigeukia cherehani yake. Nikajua ni tangu zamani, na kwamba aliniacha nifurahi kidogo.

Nilijaribu kuweka kiganja kwenye ubao wa pembeni ili nihisi sauti. Zile za chini zilifika, za juu hazikufika. Machimboni walipolipua mawe na nyumba ikatikisika, huo mlipuko niliuhisi vizuri sana.

Tuligombana mara moja. Nilimwambia hasikilizi kwa makini. Akaweka mkasi chini.

"Mi hapana jua unatafuta nini! Ile unatafuta iko mu kichwa yako. Mi siko mule!"

Akatoka uani. Nilibaki na mikono juu ya vibao, sina la kufanya. Sauti ilikuwamo ndani yangu, nzima kabisa, na hapakuwa na mlango wa kuitolea. Aliporudi alivuta kiti. Alikaa, akanigusa bega. "Piga tena."

Kisha binti wa mwenzangu akaandika kwamba baba yake siku hizi analala sana, na kama ninatuma, nitume. Tukarekodi siku hiyohiyo, simu ikiwa juu ya mto wa kochi.

"Iko muzuri?" nilimuuliza mke wangu.

Aliitazama sinte, hakunitazama mimi. "Iko muzuri, tata."

Tukatuma.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti, si kwa maandishi. Habari ya masikio yangu sikuwahi kumwambia. Niliibana simu sikioni nikasikia kama mtu anapumua ndani ya gunia. Nikampa mke wangu. Alisimama dirishani, mgongo kwangu, akausikiliza mpaka mwisho, kisha akausikiliza tena.

"Anasema nini?"

Aligeuka taratibu ili nione midomo yake. "Anasema njo ile, ile yenyewe. Anasema aksanti."

"Ni hayo tu?"

"Na kukohoa."

Akarudi kwenye cherehani. Ujumbe ulikuwa mrefu, niliuona kwenye kioo cha simu, na alichonipa kilikuwa kifupi.

Mwenzangu alizikwa Tenke muda si mrefu baadaye. Nilikwenda, nikashika udongo, nikaona watu wakiimba. Binti yake alinishika mikono akasema maneno mengi sana huku akilia, nami nikawa naitikia kwa kichwa.

Ujumbe wa mwenzangu bado ninao. Mtu yeyote mtaani anaweza kunisikilizia na kuniandikia kila neno. Mara nyingine naitoa simu nikamwangalia jirani anayepita, halafu naogopa yale ambayo mke wangu hakuniambia, nairudisha mfukoni.