Niliazima mlango, sofa na bati za majirani ili mthamini wa benki akute nyumba imekamilika

Wakuu, heshima kwenu. Nikiongeza chumvi humu, mods nipeni ban.

Niko Kwedizinga, Handeni. Nyumba yangu ilikuwa kwenye ukarabati: chumba cha mama hakina bati, mlango wa mbele ni turubai. Mama analala jikoni na masika hiyo inakuja. Iliniuma sana.

Nikaomba mkopo wa kumalizia. Benki wakasema wanamtuma mthamini kutoka Korogwe.

Nikaingiwa na aibu. Mtu wa benki aone turubai?

Huku kwetu ukisema una mgeni, hunyimwi kitu. Mzee Mhina, jirani yangu, aling'oa mlango wake akanipa, pamoja na bati alizokuwa amezihifadhi. Tukazipanga juu bila misumari, tukaweka mawe. Mama Zaina akaleta sofa na mapazia.

Mthamini akafika, dada mmoja mpole. Akapima, akapiga picha, tukamkaribisha ugali kwa kuku. Alipomaliza akatoka uani kunawa.

Hapo ndipo nilipojisahau, sikuwaambia majirani wasubiri kwanza aondoke. Kwetu mgeni akishanawa, shughuli imeisha na vya watu vinarudi kwao. Majirani walikuwa wanachungulia tu.

Dada akarudi kwenye sofa akaniambia, "Kaka, hongera, nyumba imeisha kabisa. Sasa huu mkopo wa ukarabati unakarabati nini?"

Nilimtazama mama kule jikoni nikatamani kulia. Ujanja wangu mwenyewe ndio unamnyima chumba!

Mara, "Hodi!" Mzee Mhina na bisibisi.

"Shikamoo mzee. Subiri kidogo..."

"Marahaba mwanangu. Mimi ningesubiri, mbuzi ndio hawasubiri. Wako chumbani kwangu sasa hivi."

Akang'oa mlango, akapanda juu. Dada alikuwa anaandika, ghafla jua likamwagika kutoka chumba cha mama hadi kwenye fomu yake.

Mama Zaina naye akaingia: "Samahani mwanangu, inuka kidogo." Sofa ikaondoka.

Dada alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Kisha akafungua ukurasa mpya.

"Kaka, mimi nathamini nyumba ilivyo leo. Itakavyokuwa naisoma kwenye ramani na makadirio ya fundi. Ungeniachia tu hilo turubai nilione."

Mama akapaza sauti: "Mwanangu, andika na jiko, ndiko ninakolala!"

Akaandika. Mkopo ukatoka, na mama sasa analala chini ya bati zenye misumari.

Funzo: mthamini si mkwe. Usimpambie nyumba, mwonyeshe palipobomoka.

Tatizo ni moja. Juzi Mzee Mhina kaja mbio, anataka kuazima mlango wangu mpya. Eti naye ana mgeni wa benki.

Nimemsimulia yote haya, kasema nina roho mbaya.

Wakuu, nimpe au nimnyime?