Bikira Aliyetupa Mugongo

Mvua ikikaribia Butembo, ukuta wa udongo unatoa harufu mbele hata barabara haijalowana. Ni harufu ya jikoni kwa mama, ya kikwembe cha kubebea mutoto kilichokaushwa juu ya moshi. Nikiisikia ninasimama pale nilipo, hata nikiwa na kitunga ku kichwa, na ninaona mwanamuke anayetembea mbele yangu. Anakwenda, hageuki. Ku mugongo wake kuna mutoto wangu wa kwanza, na mutoto ananiangalia mimi.

Bwana yangu anasema ninaota muchana. Mais siyo ndoto, ni ukuta. Uko mu ukumbi wa parokia, ukiingia unakuwa upande wa kushoto, na kuna bakubwa balitaka kuufuta. Ninaandika kwa sababu sasa balewale banaonyesha bageni ule ukuta na kusema ni mawazo yao.

Kwanza niseme habari ya mutoto. Tulikimbia Beni asubuhi moja masasi ya bunduki yalipoanza karibu na nyumba. Bwana yangu alikuwa Kirumba na malori, donc nilikuwa peke yangu, na mimba ya mutoto wa pili, na wa kwanza ku mugongo. Alikuwa amejua tu kutembea. Viatu vyake vya plastiki vilibaki chini ya kitanda; nani anawaza viatu wakati ule. Homa ilimushika njiani, na tulipofika Kalunguta akawa mwepesi ku mugongo wangu, halafu akawa muzito. Batu tusiobajua balitupatia kirago na nafasi ya kumuzika mu shamba lao la ndizi. Foto yake haiko. Mupiga foto wa Beni alikuwa amefunga mulango tangu barabara ya Kasindi ilipoanza kubadili wenye bunduki kila mwezi.

Halafu nikiwa Butembo, sura yake ikaanza kuniacha. Kwanza masikio. Halafu namna ya mudomo wake akitaka kulia. Kila asubuhi nilikuwa ninamutafuta mu kichwa yangu kama mutu anayetafuta sindano mu majani, na kila asubuhi alikuwa amepunguka. Nilikuwa na hasira hata na jua.

Wakati ule parokia ilikuwa inajenga ukumbi. Sima ya kujengea ilikosekana sababu ya vita, basi bakajenga kwa matofali mabichi, na bakaita bamama ba mashirika kukandika. Kwetu kukandika ni kazi ya bamama, na ina kanuni yake. Ukuta unagawanywa. Kila mama anapata kipande, kutoka chini mpaka pale mukono wake unapofika, na kile kipande ni chake. Wakati wa jua kali udongo ukipasuka, anaitwa yeye kukirudilia, kukipaka tena. Mutu mwingine hawezi kupaka juu ya mukono wa mama aliye muzima, isipokuwa yeye mwenyewe ametia konzi ya kwanza ya udongo mupya. Mimi nilikuwa mugeni, mukimbizi, mais balinipatia kipande cha katikati. Mama mumoja wa Masereka, mwenye mukono mufupi na ulimi murefu, alisema hawezi kukaa pembeni yangu kama nitaendelea kupiga ukuta vile. Kumbe nilikuwa ninaupiga kweli. Aliniambia, "Mama, udongo haukukosea kitu. Upake pole."

Nilipaka pole. Hakuna kitu kinatuliza kama kiganja juu ya udongo mubichi. Unaenda, unarudi, ukuta unang'aa kama ngozi ya mutu aliyetoka kuoga, na unaweza kusahau mahali uko.

Ukuta ulipokauka, komite ya parokia ikataka picha: Familia Takatifu inakimbilia Misri, sababu Butembo yote ilikuwa imejaa bakimbizi. Bakaleta fundi. Alikuwa amesoma kuchora kule Kinshasa mu masomo ya juu, na tangu barabara zifungwe alikuwa anaandika vibao vya maduka na kuchora vichwa ku milango ya vinyozi. Mutu mupole, shati safi. Alikuwa na mikebe ya rangi ya mafuta, yote ya buluu. Rangi zingine zilikuwa zimekwama mupakani. Akasimama mbele ya ukuta wetu na buluu yake kama mutu aliyekuja ku karamu na chumvi tu.

Bamama bakacheka. Yule wa Masereka akamuuliza kama Yosefu naye atakuwa buluu. Halafu tukamuonyesha. Nyekundu iko pembeni ya barabara, pale batu banakata mulima. Njano iko ku mutoni. Nyeusi ni masizi ya sufuria. Nyeupe, yeye mwenyewe wa Masereka alileta pembe, udongo mweupe wa kwao, imefungwa mu majani kama kwanga ya muhogo. Fundi akaonja ile pembe na ncha ya ulimi, akasema ku masomo balimufundisha kununua rangi, hakuna mutu alimufundisha kuichimba. Kuanzia pale tukafanya kazi pamoja. Yeye anachora mustari na kaa, sisi tunajaza na vidole, kila mutu mu kipande chake.

Alikuwa na picha ndogo ya kufuata, ya kitabu cha misa. Bikira amekaa juu ya punda, mutoto yuko ku mapaja. Shida ikawa punda. Katika sisi hakuna aliyewahi kumuona. Mama mwenye kipande cha mbele akaweka masikio ya mbuzi, akaona hayatoshi, akayaongeza, na mwisho tukapata kitu kama ndama aliyepata habari mbaya. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Wa Masereka akasema yule munyama hafiki Misri, barriere ya kwanza barabarani basoda banamukula. Ilikuwa kweli. Halafu mama mwenye punda akatia konzi yake ya kwanza, tukamufuta yule munyama. Mwanamuke anayekimbia anatembea.

Mais anayetembea, mutoto wake anakaa wapi? Mutu hawezi kutoka Beni na mutoto ku mapaja. Hilo hatukulijadili hata. Fundi akatuangalia, akaangalia mutoto wangu wa pili aliyelala ku mugongo wangu, akasema basi ni lazima Bikira ageuke, kama siyo vile mutoto hataonekana. Akachora ule mustari mubaya na muzuri: mwanamuke anatupa mugongo, anakwenda, kikwembe kimefungwa ku kifua, na katikati ya mugongo duara tupu. Ule mugongo ulikuwa mu kipande changu.

Siwezi kusema nilichora. Nililowesha ukuta, nikaweka nyekundu na masizi, kidogo, kidogo, na nikafumba macho. Kidole kilijua mahali kichwa kilikuwa kimesahau. Kilipanda juu ya shavu, kikazunguka, kikapata sikio. Nilipofungua macho alikuwa pale, anataka kulia lakini bado hajaamua. Bamama balisimama nyuma yangu. Mutoto wangu wa pili ku mugongo, na wa kwanza ku ukuta, bakaangaliana.

Nilikuja kila siku kumuangalia, kwa muda kidogo. Nilileta maharagi ya kuchambua nikakaa chini pale. Nilikuwa nimelala na macho wazi, kwa kusema kweli, na nilikuwa na furaha.

Halafu komite ikaja. Bageni ba jimbo balikuwa banangojewa Jumapili, siku ya Mungu, kufungua ukumbi. Prezida wa komite, muchuuzi wa kahawa, mutu wa koti, alisimama mbele ya ukuta kwa muda murefu na mikono nyuma. Akauliza uso wa Bikira uko wapi. Fundi akamuambia uko upande ule anakokwenda. Prezida akasema, "Bikira anapa bakristu mugongo. Hii mutaeleza namna gani?"

Fundi alijaribu. Alisema mambo mazuri juu ya picha za zamani na za sasa. Prezida akamukata: katika picha zote za Kanisa Bikira anaangalia batu, na komite ndiyo iliita fundi, donc fundi afuate. Padiri alikuwa pale. Alisema tuelewane na komite, halafu akakumbuka kazi ingine. Na fundi, yule mupole, akaangalia viatu vyake. Aliniambia baadaye kwamba masomo yalimufundisha hivyo, picha ni ya mwenye kuiagiza. Nilimujibu basi masomo hayo yamufundishe pia kuzaa.

Bakatuambia tupake juu udongo mupya, fundi achore tena. Ndoo ikaletwa, ikawekwa miguuni pangu. Bamama bote banajua kanuni: konzi ya kwanza ni yangu. Nilikaa chini mbele ya ule mugongo. Bamama nao bakakaa, mumoja mumoja, bakafungua vikwembe bakanyonyesha.

Prezida akasema, "Mama, hii ni nyumba ya Mungu, hapana ya kwako."

"Nyumba ni ya Mungu," nikamuambia. "Kile kipande ni cha kwangu. Na ule mutoto ni wa kwangu, anaitika pale tu. Mi hapana kupaka."

"Uko na mutoto mwingine ku mugongo, mama."

"Na weye uko na macho mbili, baba. Nikutoboe moja?"

Wa Masereka alikohoa ili asicheke. Prezida akaenda. Alirudi na banaume na chokaa na brosi, na balipaka wao, juu ya kanuni yetu yote, kutoka dari mpaka chini. Nilitoka nje. Nilisikia tu brosi: shwa, shwa, kama mutu anafagia.

Mais banaume bale hawakujua kitu kila musichana wa kwetu anajua: ukuta wa udongo unaloweshwa kwanza. Balipaka chokaa juu ya ukuta mukavu, na jua la siku zile lilikuwa kali. Siku ya Mungu bageni baliingia, nyimbo, ngoma, na chokaa ikaanza kuachia na ule mutikisiko. Ilikuwa inadondoka kama unga wa muhogo. Katikati ya hotuba ya prezida, jicho likatoka. Halafu lingine. Ukuta wote mweupe, na macho mawili ya mutoto wangu yanaangalia bageni kutoka mu ukungu.

Masere mumoja, mutawa muzee kati ya bageni, akainuka katika bench. Akakwangua pole na kucha, akakuta shavu, akakuta kikwembe. Akauliza ni nani aliwaza Bikira hivi. Na prezida, Mungu amusamehe maana mimi bado, akajibu kwamba komite iliwaza sana juu ya mateso ya bamama ba kwetu. Bakapiga foto. Fundi akaitwa mbele, bakamushika mukono. Sisi tulikuwa nyuma, tunapakua wali.

Sitalia juu ya hiyo. Mutoto alibaki, ndiyo nilitaka. Hivyo nilidhani.

Jua kali lilirudi na ukuta ukapasuka. Ufa ulishuka kutoka paji la uso wake mpaka kidevu, na kila mara basoda balipopita na lori, kipande kidogo kilianguka. Bamama balikuja na udongo kurudilia vipande vyao. Mimi nikasimama pale na ndoo yangu. Kitu komite haikuweza kunifanyizisha, sasa kanuni yetu wenyewe ilinidai. Nilisema siwezi. Nilisema nitamuacha vile.

Wa Masereka akaweka chini kitunga chake. "Utamuacha aanguke vipande-vipande, mutu mudogo vile? Tia mukono, yaya, dada yangu. Sisi tuko."

Nikalowesha ukuta. Nikatia konzi ya kwanza juu ya macho yake mimi mwenyewe, na bamama bakaweka mikono yao pembeni ya wangu, tukamufunika pamoja, pole, kama mutu anafunika mutoto asipate baridi. Kisha nikamutafuta tena na kidole. Alikuja, mais hakuwa yule. Shavu lilikuwa limepunguka, shingo imekuwa ndefu. Nilitaka kupiga ukuta. Wa Masereka akasogea, akaangalia na jicho moja kama anachagua viazi. "Ni yeye," akasema. "Amekomaa tu. Ulidhani atakaa vile mwaka muzima?"

Tangu pale anakomaa. Kila jua kali tunamufunika, tunamurudisha, na kila mara ni mukubwa zaidi. Mama mumoja alimuongezea nywele, mwingine alisema meno yametoka na akafanya kama anayaona. Vita vilikwenda, vikarudi. Mwaka mumoja tulipaka tukisikia masasi upande wa mulima, na hatukuharakisha. Fundi anakuja pia, na brosi yake mu mufuko wa shati, na anangoja konzi ya kwanza kama mutu mwingine. Prezida anaendelea kuonyesha bageni.

Jua kali hili lililopita, nilipomaliza kulowesha, wote tuliona. Miguu yake ilikuwa imefika ku magoti ya Bikira. Kikwembe hakiwezi kumushika tena. Tukamufunika na udongo kama kila mwaka. Fundi alingoja, kaa iko mu mukono. Ule mugongo niliutetea na mudomo wote nilio nao, na sasa ulikuwa mutupu mbele yangu, unang'aa na maji.

"Mushushe," nikamuambia fundi.

Akachora mustari mupya pembeni ya mwanamuke. Mutoto anatembea, ameshika kona ya kikwembe, amegeuza kichwa, ananiangalia. Nilijaza uso, nilijaza shati. Halafu nikaomba ile buluu ya mafuta, iliyobakia chini ya mukebe, ile isiyoondoka hata na maji. Nikapiga magoti na nikamuvalisha viatu.