Papa Soudi na Rundo la Makapi

Nianze na kosa langu, maana bila kosa hilo nisingemjua Papa Soudi. Mwaka jana chuo chetu cha uchumi hapa Kindu kilipewa kazi ya utafiti: kutafuta kijiji kinachovuna mpunga mwingi zaidi upande wa Alunguli, ng'ambo ya mto, ili mashine ya kukoboa iwekwe huko. Nikatuma wanafunzi na fishi zangu, karatasi za maswali nilizozipanga vizuri, kila moja na nafasi ya jina la mwenye nyumba na idadi ya magunia yake. Kutoka Lwamisole fishi zote arobaini na mbili zilirudi na jibu moja: hakuna. Nikaandika kwamba Lwamisole hakuna mpunga, nikafunga faili, nikaenda kula.

Siku ya pili Papa Soudi akaingia ofisini bila kuitwa. Mzee mwembamba, kofia yake ya kuswalia imefuliwa hadi imepoteza rangi, suruali imefungwa kamba chini ili isinaswe na mnyororo wa baiskeli. Akasalimia, akakaa.

"Mwalimu, ulishafika Lwamisole?"

"Nilituma wanafunzi."

"Basi haukufika. Mupunga iko mingi kule. Ila muntu akikuja na kaye, akiuliza nani iko na nini, tunasema hakuna. Hata mimi ningesema hakuna."

Nilikasirika. Nimesoma miaka mingi, na sipendi kusahihishwa na mtu aliyefunga suruali kwa kamba. Lakini kuuliza si ujinga. Nikamuuliza sababu, naye akanieleza bila kujitetea hata kidogo.

Wakati wa vita alikuwa monitere, mshauri wa wakulima, akipita vijijini kwa baiskeli na kaye yake, daftari la kazi. Humo aliandika, kwa mwandiko ambao watu bado wanausifu, jina la kila mkulima, magunia aliyovuna na mahali alipoyaficha. Nia yake ilikuwa njema: alitaka kujua nani atakosa mbegu msimu ujao. Mwaka 2002 watu wenye silaha walimkamata njiani, wakamnyang'anya kaye, wakaenda nayo Lwamisole, kijijini kwake mwenyewe. Hawakuhitaji kupekua. Walisimama mlango kwa mlango wakiita watu kwa majina na kutaja magunia yao. Jirani yake, Waziri, alikuwa ameandikiwa kumi na moja, lakini alikwisha kuyagawa kwa ndugu zake waliokimbia kutoka Kibombo. Wale watu waliamini kaye kuliko mtu. Walimpiga hadi mguu na mkono wake wa kulia vikapooza.

Mtu mwingine angehama. Soudi alirudi kijijini, akasimama mbele ya wote, akasema kaye ile ni yake. Tangu msimu ule analima mashamba mawili, lake na la Waziri. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo nilisimuliwa na watu wengine baadaye, maana yeye hakulitaja.

"Kwa hiyo hauandiki tena," nilimwambia.

"Majina hapana. Kupima ningali ninapima."

Alinichukua kwenda kuona. Tulivuka kwa mtumbwi, kisha mwendo wa saa tatu juu ya kibebeo cha baiskeli yake. Yeye mwenye miaka sabini alikanyaga, mimi mwenye hamsini nililalamika, na makalio yangu hayajasahau safari hiyo.

Wanawake wa Lwamisole hutwanga mpunga pamoja, kwenye uwanja mmoja nyuma ya kijiji, na makapi yote humwagwa kwenye rundo moja. Ukitazama rundo huwezi kujua nani ametwanga kiasi gani, na ndiyo sababu Soudi alilipenda. Kila Jumamosi analizungushia kamba yenye mafundo, anapima kimo kwa fimbo, kisha analisambaza ili wiki inayofuata aanze upya. Mpunga unaouzwa bila kutwangwa anauhesabu kwenye daraja la magogo, gunia kwa gunia, baiskeli zikipita. Macho yake yako kwenye gunia tu, hayamtazami anayesukuma.

Nilimjaribu, maana mimi si mwepesi wa kuamini. Nilimpeleka kijiji kingine ambako tulikuwa tumepima mavuno kwa mizani, na makapi ya msimu mzima yalikuwa hayajaguswa. Alizungusha kamba yake, akafikiri kidogo, akataja magunia mia tatu na kumi. Mizani yetu ilisema mia tatu na kumi na nane. Nimefundisha miaka kumi na tisa na sijapata mwanafunzi wa namna hiyo. Siku hiyo niliona aibu na furaha kwa pamoja.

Kwa hesabu zake Lwamisole ikapanda juu ya vijiji vyote. Lakini wenye kutoa mashine walitaka orodha: majina, magunia, sahihi. Niliwaandikia barua mbili kuwaomba wakubali jumla ya kijiji. Wakakataa. Bila majina, mashine inakwenda kwingine, na wanawake wa Lwamisole wanabaki na michi yao.

"Siwezi kuomba bantu ba kijiji majina," Soudi alisema nilipomweleza. "Wenyewe njo watasema, si mimi."

Kijiji kikakutana kwenye uwanja wa kutwangia. Mwanafunzi wangu Déborah aliweka fishi na biki, kalamu ya wino, juu ya meza, akaeleza kazi yote vizuri kuliko mimi. Hakuna aliyesogea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wale waliumwa kweli. Soudi alikaa mwisho kabisa, akitazama miguu yake.

Hatimaye mtu mmoja akainuka na fimbo mkono wa kushoto, akiburuta mguu. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ni Waziri. Alipofika mezani Déborah alichukua biki.

"Hapana, binti," Waziri alisema. "Mupatie Soudi."

Soudi alikuja polepole. "Ndugu yangu, si mimi."

"Njo weye. Andika jina yangu ikuwe ya kwanza, bantu bote baone."

Alishika biki, akaigeuzageuza vidoleni, nikadhani ataacha. Kisha herufi zikatoka, nzuri kama walivyozisifu. Akafika kwenye nafasi ya magunia, akasita.

"Magunia ngapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Waziri akacheka. "Unaniuliza mimi? Shamba ile, njo weye unalimaka."

Soudi aliandika kumi na nne. Alipoinua kichwa, watu walikuwa wamekwisha kupanga mstari nyuma ya Waziri.