Siri Yangu ni Mke Mmoja

Mwanahawa Bakili hakuwa mtu wa kuchekewa ovyo. Maandazi yake pale Bombambili, mjini Songea, yalikuwa matamu kuliko maneno yake, na wateja walimeza vyote viwili. Kitu kingine kilichowaleta kibandani kwake ni kuta. Alizibandika magazeti kwa uji wa muhogo, kuanzia chini mpaka darini, na magazeti yote yale yalikuwa gazeti moja: la Jumatano moja ya zamani, nakala juu ya nakala.

Wateja walikuwa wameshalikariri. Umeme ukikatika, hakosi mtu wa kusoma kwa sauti ya mtangazaji: "KIGOGO AAPA: MGAWO WA UMEME MWISHO MWAKA HUU!" Kibanda kizima kinaangua kicheko gizani. Kulikuwa na kocha aliyesema kombe ni lao na wengine wagawane jasho. Timu yake ilishuka daraja na haijaonekana tena. Kulikuwa na "CHUI AVAMIA HARUSI, BWANA HARUSI AKUTWA JUU YA MTI". Na kubwa kuliko yote, kwa herufi nyekundu: "MTABIRI: DUNIA KWISHA IJUMAA". Basi lililoleta magazeti wiki ile liliharibika njiani, kwa hiyo watu wa Songea walilisoma onyo hilo Jumamosi asubuhi, wakinywa chai.

"Mama, huyu bwana harusi ameshashuka mtini?" alipenda kuuliza Fransisko, dereva wa bodaboda, Mngoni asiyejua kunyamaza.

"Kamuulize mama yako. Ndiye aliyekuwa bibi harusi."

Siku moja Oliva, mwalimu mgeni aliyehamia kutoka Bukoba, aliuliza swali ambalo wenyeji hawaulizi: kwa nini magazeti yote ni ya siku moja? Ghafla kila mtu akapata kitu cha kutazama ndani ya kikombe chake.

Mwanahawa alimjibu ale anyamaze. Lakini kisa chenyewe Bombambili nzima inakijua. Mumewe, Saleh, alikuwa akienda Tunduru kila msimu wa korosho, na kila msimu ulikuwa mrefu kuliko uliopita. Mke akiuliza, anaambiwa mikorosho haina haraka. Jumamosi ile alipokwenda sokoni kununua unga alikuta watu wamejazana mbele ya meza ya Ramson, muuza magazeti. Si kwamba walikuwa wakinunua. Songea, kama kwingineko, gazeti husomwa likiwa limetundikwa; kununua ni kwa wenye ofisi. Alipokaribia, wakampisha. Kumpisha kule ndiko kulikomwambia kwamba kuna jambo.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na picha ya Saleh kashika cheti, kakenua meno yote. Pembeni yake alisimama mwanamke aliyejitanda kanga mpya. Juu yao: "MKULIMA BORA WA KOROSHO: SIRI YANGU NI MKE MMOJA". Kwenye habari yenyewe Saleh alieleza kwamba wanaume wenye wake huku na huku hawawezi kupulizia mikorosho dawa kwa wakati.

Mwanahawa alitoa fedha zote za unga akanunua mzigo mzima wa Ramson ili watu wasisome. Watu walikuwa wameshasoma, tena bure, na waliobaki walisimuliwa kabla hajafika nyumbani. Hasara juu ya aibu! Saleh hakurudi tena. Talaka ililetwa na kondakta wa basi, pamoja na kiroba cha korosho, kana kwamba ni salamu za sikukuu. Korosho alizimwaga mbele ya kondakta. Mtoto wao Muhsini alimlea peke yake, kwa maandazi.

Tangu hapo alikuwa na neno moja akilini. Alijua Saleh atakuja siku moja kuomba radhi, maana wanaume wa aina yake hurudi meno yakianza kulegea. Siku hiyo angesimama mbele ya watu na kumwambia: hapana. Alilitunza neno hilo kama kitenge cha Idi. Kuna asubuhi lilikuwa ndilo lililomtoa kitandani.

Basi mwaka huu, baada ya mvua, Saleh akaja. Alikuja na Mzee Hassani wa msikitini, mbele za watu, saa ya chai. Alikuwa amekonda, kofia imemzidi kichwa. Mwanahawa aliacha kugeuza maandazi. Akafuta mikono, akasimama wima.

"Asalaam aleikum," wageni walisema pamoja.

"Waaleikum salaam. Shikamoo, Mzee Hassani," alisema, na salamu yake ikaishia kwa mzee.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kwa heri. Sisi Waislamu tunaambiwa suluhu ni bora. Mwenzio ana neno. Saleh, sema."

Saleh alikuwa ameshampa mzee mgongo. Alikuwa akitazama kuta. Alitembea taratibu kutoka ubao hadi ubao, akainama, akanyanyuka, akamsogeza Fransisko begani ili aone nyuma yake. Mwanahawa alidhani anaona haya kumtazama usoni, na kwa mara ya kwanza moyo ukamlegea kidogo. Alichukia kulegea huko.

"Mama Muhsini," Saleh akasema mwishowe. "Niliambiwa gazeti lile unalo. Mbona ukurasa wangu siuoni?"

"Ukurasa gani?"

"Wa tatu. Ule wangu kule nyumbani uliliwa na mchwa. Wajukuu wanasema babu mwongo, hajawahi kutoka gazetini."

Fransisko aliweka kikombe chini.

"Ukurasa wako nimewashia jiko," alisema Mwanahawa. "Nakala zote. Ulikuwa wa kwanza kuisha."

Saleh akashika kichwa, na uchungu uliomjaa usoni ulikuwa wa kweli kabisa. Mzee Hassani alimgeukia, ndevu zinamtetemeka. "Saleh! Mimi umenitoa msikitini ukaniambia tunakwenda kumwomba radhi huyu mama!"

"Na hilo pia," alisema Saleh.

Kisha akaaga. Akatoka, akawa anamwuliza Fransisko kama kuna mtu yeyote mjini anayehifadhi magazeti ya zamani. Fransisko alimfuata kwenda kuwasha pikipiki, maana abiria ni abiria.

Mwanahawa alibaki amesimama na mwiko. Maandazi yalikuwa yanaungua na hakusikia harufu. Chuki yote ile, na mtu amepita mbele yake bila kumpa nafasi ya kuitumia! Akatupa mwiko, akatoka mbio mpaka barabarani.

"Saleh! Teremka! Rudi hapa uniombe radhi!"

Watu waliokuwa barabarani waligeuka. Saleh aliteremka kwenye pikipiki, akarudi hatua chache kama mtu aliyesahau chenji, akavua kofia.

"Haya basi. Nisamehe, Mwanahawa."

"Hapana!"

Alilitoa kwa nguvu zake zote, mbele ya watu wote, kama alivyolipanga. Saleh alimtazama kidogo, akavaa kofia yake.

"Haya," akasema, akapanda pikipiki, wakaondoka.