Winchi na Damu Yake ya Kumwaga

Wapakiaji wote wa ghala walimwita mwenzao Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo, maana alibeba magunia mawili huku akipiga mluzi. Basi dada yake, aliyemlea tangu utotoni, alipojifungua na kuvuja damu nyingi, wenzake walimfuata hospitali ili wachangie. Winchi akawacheka.

"Rudini kazini, njiti za kiberiti nyie! Mimi na dada tumetoka tumbo moja. Damu yake ninayo mimi, tena ya kumwaga!"

Wakapanda lori, wakaenda zao na safari ya mzigo.

Muuguzi akampima, akatikisa kichwa. "Kaka, wewe ni AB. Dada yako ni O, anapokea O tu. Yako itamuua."

"Si tumezaliwa tumbo moja?"

"Ndiyo, ila makundi tofauti. Wewe unapokea ya kila mtu, kumpa yeye huwezi. Na O hapa imekwisha. Huna wenzako?"

Winchi akapiga simu moja baada ya nyingine. Hakuna iliyopatikana, lori lilishaingia porini kusiko na mtandao. Akasimama kando ya kitanda, mkono wa shati kaukunja mpaka begani, mshipa umetuna kama kamba ya mzigo.

Dada akafumbua macho. "Mdogo wangu, umekula lakini?"