Mapengo Matatu Katika Mstari wa Malipenga

Saa mbili asubuhi, Lufeyo Mphande amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake hapa Chintheche, mwambao wa Ziwa Malawi, akibandika utando wa buibui kwenye tundu la kibuyu. Anaguna ndani yake, nacho kinavuma kama nyuki. "Hiki tayari," anasema, na kushika kingine.

Mphande, mwenye miaka sitini na mmoja, ndiye fundi pekee katika vijiji hivi wa vibuyu vya malipenga, ngoma inayochezwa kwa mstari kama gwaride la askari. Kimoja huuza kwacha elfu nne, na msimu ukiwa mzuri nyumbani hawakosi samaki wa kulia kondowole, ugali wa muhogo.

Mashindano ni Jumamosi, na kundi la kijiji chake limeshashindwa mara mbili mfululizo. Mstari wao una mapengo matatu. Ndipo walipokuwa wakisimama Yesaya Longwe, Tobiya Chirwa na Zakeyo Manda kabla ya kwenda kufia Burma katika Vita Kuu ya Pili. Baba yake Mphande, aliyekwenda nao akarudi peke yake, aliagiza nafasi hizo zisizibwe. Waamuzi hukata alama. Wanasema mstari umevunjika.

Wiki iliyopita nahodha wa kundi, Wongani Longwe, alimwambia Mphande wazi kwamba wakishindwa tena, wapiga ngoma watahamia kijiji jirani. Alitaka mapengo yazibwe. Mphande alikataa kuvunja agizo la baba yake, lakini maneno yale yalimuuma, maana kijana hakusema uongo.

Wapinzani nao hununua vibuyu kwake. Nahodha wao ni shemeji yake, Wyson Kamanga, na alipokuja kuagiza alianza utani wake.

"Shemeji, mstari wenu una mapengo kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Cheka tu. Kwenu nani hakurudi kutoka Burma?"

Kamanga hakujua. Alikwenda kumuuliza mama yake, bibi wa miaka tisini, naye akamtajia kaka zake yeye wawili waliofia huko, akalia. Jana Kamanga alirudi kuchukua mzigo wake, utani umemwisha.

"Jumamosi na sisi tunaacha nafasi mbili," alisema.

Mphande anacheka kwa raha akisimulia. "Sasa wakate alama huku na huku. Atakayeshinda ni anayecheza vizuri, na hao ni sisi." Mwakani anakusudia kuliuliza swali lile kila kundi la mwambao huu.

Wongani naye alikuwapo jana. Habari ya kuziba hakuitaja tena. Aliuliza tu Yesaya, ndugu wa babu yake, alikuwa akisimama wapi.

Mphande alimwonyesha: wa pili kutoka kulia. Jumamosi, Wongani atacheza pembeni ya pengo hilo.